Shikamoo Baba, Leo Nimeingia Uholanzi

Mashine ya uwanja wa ndege wa Osaka ilivikataa vidole vya Veronika mara nne. Kijana wa uhamiaji alimpa karatasi laini afute mikono, akafuta. Akampa nyingine, akafuta tena. Mashine ikatoa mlio uleule wa kukataa. Ndipo yule kijana akauinua mkono wa Veronika, akautazama kwa karibu, akaona kwamba ncha za vidole zilikuwa nyeusi na laini, hazina mchirizi hata mmoja. Veronika alikuwa akibangua korosho tangu ana miaka kumi na sita, na sasa alikuwa na thelathini na minane. Mafuta ya ganda la korosho hayana haraka. Yanakula ngozi kidogo kidogo mpaka yanakumaliza alama za vidole.

Hakuwa na lugha ya kulieleza hilo. Aliyemwokoa ni Abdurahmani, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Alifungua begi, akatoa pakiti ya korosho, akaionyesha, kisha akavionyesha vile vidole, kisha akafanya kama mtu anayegonga kitu kwa kijiti. Yule kijana sijui alielewa au alichoka. Alimwita mkubwa wake, wakajaza fomu, wakampitisha.

"Kwetu ungeambiwa urudi kesho," Abdurahmani alisema walipofika upande wa pili.

Walikuwa watu sita, wamechaguliwa na mradi mmoja wa wajasiriamali kupeleka bidhaa kwenye Maonyesho ya Dunia. Wanne walitoka Dar es Salaam na Arusha, wakawa na mazungumzo yao. Waliotoka kusini ni hawa wawili: Veronika wa Mitwero, karibu na Lindi, na korosho zake, na Abdurahmani, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa ufuta kutoka Kiranjeranje, Kilwa. Hawakuwa wakifahamiana kabla ya hapo. Lakini ukikutana na mtu wa Kilwa ukiwa Japani, huyo ni ndugu yako wa tumbo moja.

Safari yenyewe Veronika aliikataa mwanzoni. Baba yake, Mwalimu Leonadi, alikuwa amepigwa na kiharusi mwezi wa pili. Upande wa kulia ulilegea wote, na mdomo ukaenda kando. Waliishi wawili tu pale Mitwero tangu mama alipofariki. Veronika ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani, akimlisha uji, akimbadilisha nguo. Alikuwa na mdogo wake mmoja, Faustino, fundi pikipiki mjini Lindi, kijana mwema ila asiyeweza kukaa ndani ya nyumba saa nzima bila kutafuta sababu ya kutoka.

Mwalimu Leonadi alifundisha jiografia shule ya msingi ya Rutamba miaka thelathini na moja. Wapo watu wazima kule, wenye wajukuu, ambao ukiwaamsha usingizini watakutajia mji mkuu wa Mongolia, kwa kuiogopa fimbo yake. Aliichora dunia ubaoni kila mwaka kwa chaki, bara baada ya bara, bila kutazama kitabu. Mwenyewe hakuwahi kuvuka hata Ruvuma.

"Utaenda," alimwambia Veronika. Maneno yake siku hizo yalitoka yakiburuta kama mguu uliolegea.

"Baba, nani atakugeuza?"

"Faustino ana mikono."

"Faustino ana mikono ya kufungulia nati."

Mzee alitaka kucheka, kikatoka kikohozi. Alipotulia akasema, "Nchi zote mahali pamoja. Mimi nimezichora tu, Vero. Nenda ukaingie. Ingia ndani, usichungulie mlangoni. Halafu uniambie."

Basi ikapangwa hivyo. Faustino akahamia Mitwero. Shangazi Rosalia, dada yake Mwalimu, akateremka kutoka Rutamba na kikapu chake na rozari yake kuja kusaidia. Veronika akamwachia Faustino namba ya simu ya Abdurahmani, kwamba likitokea jambo na yeye asipatikane, apigiwe huyo. Akapanda ndege.

Maonyesho yalikuwa kwenye kisiwa cha kutengenezwa na watu, nje kidogo ya mji. Veronika alikuwa amezoea maonyesho ya Nane Nane pale Ngongo, ambako banda ni mabati na turubai, na mtu akitaka kuona ng'ombe anamwona ng'ombe. Hapa banda lilikuwa jengo. Na mabanda yote yalizungukwa na mduara mmoja wa mbao, mrefu kwenda juu kama ghorofa nne au tano, mpana kiasi kwamba ukiuzunguka kwa miguu unatumia nusu saa nzima. Watu walitembea juu yake na chini yake, maelfu, bila kusukumana na bila kelele. Ukimya wa umati ule ulimtisha kidogo.

Nchi kubwa zilikuwa na majengo yao wenyewe. Tanzania ilikuwa ndani ya ukumbi wa pamoja, nchi nyingi, kila moja na kona yake. Veronika hakuona vibaya. Waliwekewa meza, wakapanga korosho, ufuta, kahawa, vinyago. Walipeana zamu, na asiye na zamu alikuwa huru kutembea.

Jioni ya siku ya kwanza alisimama chini ya ule mduara wa mbao, akaisogeza simu mdomoni, arekodi ujumbe wa kumtumia baba kupitia simu ya Faustino.

"Shikamoo Baba. Leo nimeingia Uholanzi. Mji mkuu Amsterdam, usidhani nimesahau. Wamejenga nyumba, juu yake wameweka tufe jeupe kubwa, linawaka kama jua linalotoka. Ukiingia unapewa mpira mdogo wa mwanga, mmoja mmoja. Ukifika mahali unaugusisha na kitu, unabadilika rangi. Wanaeleza habari za maji, Baba. Wanasema maji yalikuwa adui yao, sasa yanawapa umeme. Nimeurudisha mpira wangu mlangoni, nimeona uchungu kuuacha. Nchi nyingine hiyo. Kesho tena."

Nyumbani ilikuwa mchana. Jibu lilikuja kabla hajafika hotelini, sauti ya baba yake mwenyewe. Sekunde tisa. Pumzi nzito, kisha neno moja lililotafutwa kwa shida: "Endelea."

Akaendelea. Siku ya pili aliingia Indonesia, ambako walikuwa wamepanda msitu ndani ya nyumba, miti ya kweli yenye majani mapana na ukungu unaoshuka juu ya kichwa. Harufu ya udongo mbichi ilimrudisha Rutamba wakati wa masika, akasimama pale mpaka mlinzi akamwomba kwa heshima asogee. Siku ya tatu alikwenda Saudia pamoja na Abdurahmani. Wao walikuwa wamejenga mji mdogo wa vichochoro, kuta za rangi ya mchanga, unapinda huku unatokea kule, na upepo unapita. Abdurahmani alipapasa zile kuta kwa kiganja, akasema vichochoro vile vimemkumbusha Kilwa ya hadithi za bibi yake, ile iliyokuwa imesimama, si haya magofu tunayoonyesha wageni.

"Na wewe siku moja ukajengewe nchi yako hivi," Veronika alimwambia.

"Sisi tuna kona," Abdurahmani alijibu. "Kona inatutosha kwa leo."

Usiku ule Faustino aliandika: Amesikia habari za Saudia. Anauliza, je, wamekuonyesha mto?

Veronika alicheka peke yake. Saudia haina mto wa kudumu. Ulikuwa mtego wa darasa la sita, na mzee alikuwa akiutega kutoka kitandani Mitwero. Akajibu kwamba hakuna mto, Mwalimu, yapo mabonde makavu. Akalala vizuri.

Siku iliyofuata, Jumanne, jibu lilikuwa fupi: Amechoka leo. Ila anaendelea.

Jumatano asubuhi, saa za Mitwero, Mwalimu Leonadi alifariki. Hakukuwa na kishindo. Shangazi Rosalia alikuwa akipoza uji kwa kuumimina kikombe hadi kikombe, na alipogeuka kumwinua kichwa alikuta kichwa kizito. Faustino alikuwa uani. Aliitwa, akaja na mafuta ya mashine mikononi, akasimama mlangoni asijue pa kuishika maiti.

Wazee wa ukoo walikaa mchana uleule. Kulikuwa na jambo la mazishi, ambalo halikuwa gumu: atazikwa Rutamba, kesho yake, karibu na mkewe. Gumu lilikuwa la Veronika. Tiketi yake ilikuwa ya Alhamisi ya wiki inayofuata, siku nane mbele. Hata kama ingebadilishwa, asingewahi.

"Mwambieni," alisema mzee mmoja. "Ni mtoto wake mkubwa."

"Yuko peke yake huko," Shangazi Rosalia alisema. "Ukimwambia, nani atamshika? Atalia kifuani kwa nani? Mjapani? Mwacheni arudi, aanguke mikononi mwetu."

Likakubaliwa hilo. Faustino akaagizwa azime simu ya baba, na yeye ajibu kama kawaida. Kisha akaagizwa ampigie yule mzee wa Kiranjeranje.

Abdurahmani alikuwa akipanga chupa za mafuta ya ufuta simu ilipolia. Veronika alikuwa hatua tano kutoka hapo, anamwonjesha mama mmoja wa Kijapani korosho. Abdurahmani alisikiliza. Akasema kwa sauti ya chini, "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," akageuzia uso ukutani.

"Mbona mnanitwika mimi?" akauliza.

"Wazee wanakuomba, baba," Faustino alisema. Alikuwa analia. "Uwe naye karibu tu. Usimwambie."

Abdurahmani hakuwa mtu wa kusema uongo. Lakini alimtazama Veronika, aliyekuwa amefunga mikono kifuani na kuinama mara tatu kumshukuru yule mama, akaona kwamba ukweli ule akiutoa pale, kati ya zile meza, atakuwa ameutua mzigo wake juu ya kichwa cha mwenzake. Akakata simu. Akarudi kwenye chupa zake.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Alichukua zamu za Veronika pamoja na zake. "Nenda kaingie mabanda," alikuwa akimwambia. "Korosho zako nitauza mimi, bei ninaijua." Chakula cha mchana alimletea mezani. Akiona anakohoa, anamnunulia chai. Veronika alidhani mzee wa watu ameanza kumtamani, akakasirika siku moja nzima. Kisha akaona hapana, hana macho hayo. Akamhesabu kuwa mtu mwema na asiwaze zaidi.

Kwa Faustino kazi ilikuwa kubuni maswali. Hakuwa na jiografia kichwani. Fimbo ya baba yake kwake haikufanya kazi. Alhamisi, ametoka makaburini Rutamba na udongo mwekundu bado kwenye viatu, aliandika: Anauliza huko watu wanakula nini.

Veronika alifurahi kupita kiasi. Baba yake kuulizia chakula! Ina maana hamu imeanza kurudi. Alimwendea Abdurahmani mbio, akamsomea ule ujumbe. Abdurahmani alisema, "Alhamdulillah," akaendelea kufuta chupa iliyokuwa tayari safi.

Siku ya Jumapili ilikuwa siku ya Tanzania kwenye maonyesho. Ngoma zilipigwa jukwaani, wimbo wa taifa ukaimbwa, na wajasiriamali wakaombwa washuke wacheze na wageni. Veronika alivaa kitenge cha kijani na kilemba. Kwao Wamakonde ngoma ikilia mtu hafundishwi, na siku ile alicheza kuliko siku zote, akamvuta mzee mmoja wa Kijapani mwenye fimbo, wakazunguka, watu wakapiga makofi. Mmoja wa wale wa Arusha alimpiga picha. Kwenye picha ile amefunga macho na meno yote yako nje. Baba yake alikuwa na siku ya nne kaburini.

Jumatatu alikwenda banda la Ukraine, na Abdurahmani akafuatana naye. Nayo ilikuwa ndani ya ukumbi wa pamoja, si jengo lake. Ilikuwa kama duka: rafu, na juu ya rafu vitu vya rangi ya buluu na njano, vitu vya kawaida tu vya nyumbani na kazini. Ila havikuuzwa. Unapewa kifaa, unakipitisha juu ya kitu, na kifaa kinakuonyesha picha za watu wanaokitumia kitu hicho wakati wa vita. Veronika alikipitisha kwenye kimojawapo, akaona chumba kisicho na dirisha, watoto wamekaa kwenye madawati, na mwalimu mbele yao.

Alitazama muda mrefu. Siku zote alizotembea pale alikuwa ameona kila nchi imevaa nguo zake za sikukuu. Mito yao safi, treni zao za kesho, misitu yao iliyofutwa vumbi. Hakuna iliyomleta mgonjwa wake. Hata wao wenyewe, kwenye kona yao, waliweka mlima na simba, hawakuweka foleni ya zahanati. Hii ndiyo nchi ya kwanza kumwonyesha kidonda, akajikuta anaiamini kuliko zote.

Akatoa simu. "Shikamoo Baba. Leo nipo Ukraine, mji mkuu Kiev. Baba, nimemwona mwalimu. Anafundisha watoto chini ya ardhi, kwa sababu juu kuna mabomu. Nimekukumbuka wewe, ile mvua iliyong'oa paa la darasa la tano ukawafundisha kwenye ukumbi wa kanisa, ukachora Afrika sakafuni kwa mkaa. Padri alikasirika sana. Baba, nakuomba ule. Nikija nataka nikute una mashavu."

Alipogeuka, Abdurahmani alikuwa ametoka. Alimkuta nje, amesimama karibu na pipa la taka, anajifuta uso kwa kofia yake.

"Zimekuumiza zile picha, kaka Abdurahmani."

"Zimeniumiza, dada."

"Pole. Twende tukanywe maji."

Akamshika mkono, akamwongoza yeye.

Siku moja kabla ya kuondoka, Faustino aliandika: Baba anataka Italia. Hakuwa na sababu yoyote ya kuichagua. Alikuwa kibarazani, ameegemea pikipiki ya mteja, na mteja amevaa jezi ya timu ya huko. Aliandika jina la kwanza lililomjia, akairudisha simu mfukoni.

Foleni ya Italia ilikuwa saa nne. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Veronika hakuwa na mwavuli, alikuwa na mfuko wa plastiki aliopewa na msichana aliyesimama mbele yake. Mara mbili alitaka kuacha, mara mbili akasema, mzee ametaka. Ndani alikuta sanamu ya kale ya jiwe jeupe, mwanamume mwenye ndevu, amepiga goti moja, na mabegani amebeba tufe zima. Aliizunguka mara tatu. Alitazama hasa shingo, jinsi ilivyoinama upande, na mishipa ya mkono. Aliyemchonga aliwahi kubeba kitu kizito, au aliwahi kumtazama sana anayebeba.

"Baba," alisema kwenye simu, meno yanagongana kwa baridi, "nimemwona mtu aliyeibeba dunia. Amechoka. Hajaitua."

Aliituma. Ilionyesha kwamba imefika.

Walirudi. Ndege mbili, usiku mmoja Dar es Salaam, kisha basi la kusini alfajiri. Veronika alikuwa na sanduku la zawadi: soksi nene za mzee, biskuti laini asizohitaji kutafuna, na ramani ya dunia ya Kijapani ambayo haikuiweka Ulaya katikati, iliiweka bahari ya Pasifiki. Aliinunua akijua mzee ataikataa kwa hasira, na alikuwa ameshaanza kuisikia hotuba yenyewe.

Abdurahmani alikaa kiti cha pembeni yake. Walipita Somanga, wakapita Nangurukuru. Basi likasimama Kiranjeranje, watu wakashuka, mizigo ikateremshwa. Abdurahmani hakuinuka. Kupitia dirishani Veronika aliona vijana wawili wamesimama na baiskeli, wakimpungia mkono kwa mbali, kisha wakaushusha. Basi likaondoka.

"Kaka Abdurahmani, Kiranjeranje hiyo imepita."

"Nimeiona."

"Si ndiyo kwenu?"

"Ndiyo kwetu."

Veronika alimtazama. Alikuwa ameshika kofia yake magotini kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Mtu ametoka nyumbani wiki mbili, wanawe wamekuja kumpokea, naye amekaa kwenye kiti na kupitiliza. Mambo yote yakaanza kumjia kwa pamoja: zamu, chai, kofia usoni kwenye pipa la taka. Sauti ya baba yake aliyoisikia mara moja tu.

"Ni baba?" akauliza.

"Ni baba, dada yangu."

"Lini?"

Abdurahmani alifumba macho. "Jumatano ya wiki iliyopita."

Aliinama mpaka paji la uso likagusa kiti cha mbele. Alisema, "Jumapili nilicheza ngoma," na ndipo kilio kilipotoka, abiria wakageuka, na mama mmoja wa kiti cha nyuma, asiyemjua, akampitishia mkono mgongoni na kuanza kulia naye bila kuuliza ni msiba wa nani.

Mitwero walikuwa wanamsubiri. Shangazi Rosalia alimpokea kifuani kama alivyoahidi, akaanguka naye, wakaanguka wote wawili kwenye mchanga. Kitanda cha mzee kilikuwa kimeshatolewa, na ukutani pameachwa alama ya mahali kilipokuwa kikisugua. Abdurahmani aliswali kwa jirani, akalala kwa jirani, na asubuhi akamfuata Veronika Rutamba mpaka kwenye kaburi, akasimama mbali kidogo na viatu mkononi. Kisha akarudi kwao.

Kwa shangazi yake Veronika hakuwa na neno. Kwa Abdurahmani alikuwa na shukrani iliyochanganyika na kitu kingine, hakukitaja. Hasira yake yote ilimwangukia Faustino.

"Italia," alimwuliza siku ya tatu. "Alisema lini Italia?"

"Nilibuni, dada."

"Nilisimama saa nne mvuani."

"Sikujua kama kuna foleni."

"Na kile chakula? Kwamba anauliza wanakula nini?"

Faustino alijifuta mikono kwenye suruali.

"Ulizisikiliza, angalau? Zile sauti nilizotuma?"

"Za baada ya Jumatano sikuweza," Faustino alisema. "Ilikuwa unaanza na shikamoo. Nikishasikia shikamoo, nazima."

Basi hapakuwa na mtu. Ukraine, Italia, na mengine aliyoyaingia wiki ile kwa miguu iliyovimba, aliyasimulia hewani. Veronika aliingia ndani, akafunga mlango. Tangu hapo akawa anamwita Faustino kwa kazi tu: leta maji, shika gunia hili, mwambie fundi aje.

Watu walikuja kumwuliza Japani ikoje. Alikuwa akiwajibu kwamba ni nzuri, ni safi. Mwalimu mkuu wa Rutamba alimwita akawaeleze wanafunzi, akasema atakwenda, hakwenda.

Ukafika msimu wa korosho. Faustino alikuwa akija siku za Jumamosi kusaidia, bila kuitwa. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja walikuwa wamekaa uani, korosho zimeanikwa kwenye turubai, wanawake wa kikundi chake cha kubangua wamekwenda kula. Faustino alikuwa na kijiti mkononi na hakuwa anabangua.

"Dada, kuna jambo limenikaa."

"Sema."

"Zile saa za mwisho. Tangu Jumatatu usiku, na Jumanne kutwa. Nilikuandikia kwamba amechoka." Akakiweka kile kijiti chini. "Alikuwa hajui tena kwamba umesafiri. Nikimwekea sauti yako anasema nizime redio. Alikuwa anakuita. Vero, Vero. Nikamwambia Vero yuko Japani. Akaniangalia, akasema, 'Japani? Kufanya nini? Kaniitie.' Nikatoka, nikasimama hapo nje ya mlango kidogo, nikarudi nikamwambia anakuja. Akasema haya. Baada ya muda anaanza tena, kaniitie Vero. Nikatoka tena."

Jirani alikuwa anatwanga. Veronika aliziokota korosho mbili zilizotoka nje ya turubai, akazirudisha.

"Hilo ndilo ungenificha, Faustino," alisema.

"Nilishindwa kulibeba peke yangu."

Matone ya kwanza yakaanguka kwenye turubai, makubwa, moja moja, kisha yakashika kasi. Korosho mbichi zikilowa zimeharibika. Waliinuka wote wawili, kila mmoja akashika ncha zake mbili, wakalikunja turubai na vyote vilivyomo, wakalibeba kuelekea ndani, Veronika mbele akirudi kinyumenyume, Faustino nyuma akimwelekeza penye kizingiti.